Browser iliruka batoto ya bageni, mi nikaitwa mubaguzi

Wakuu, salamu toka Baraka. Haya si ya kusikia, yalinikuta mi mwenyewe, na hasira haijapoa.

Niko mama wa mutoto mumoja, nilimaliza segondere, kodi ya kompyuta nilijifunzia kwa telefone nikinyonyesha. Poste ya kupima batoto kilo iliniomba ukurasa mudogo: unabonyeza, lisiti, orodha ya kuita bamama, inatoka.

Nikakusanya majina yote yenye alama ya "bado" kwa getElementsByClassName. Kila jina likiingia kwenye lisiti, ninalitoa alama. Ile kitu iko na length, iko na [0] na [1]. Nani angesema si array, safu ya kawaida ya JavaScript?

Nilijaribu na jina moja tu, la mwanangu. Ujinga wangu, ninakubali.

Siku ya kupima, infirmière, muuguzi wa poste, akaita majina ya lisiti. Bamama ya Baraka bakaingia. Bale bageni ya Lubondja bakabaki kwenye banki, benchi ya kungojea.

Mujue, huku kwetu mugeni anaandikishwa nyuma ya mama aliyemupokea. Mwenyeji, mugeni, mwenyeji, mugeni, mpaka chini.

Mama mumoja wa Lubondja akasimama, mutoto mugongoni, mikono ya ule mutoto myembamba sana.

"We dada, mashini yako iko na kabila?"

Bamama bakacheka. Infirmière, akiona lisiti imeisha, alishaanza kufungua mizani aende.

Nikamukamata mukono: "Mama infirmière, ngoja, kosa ni yangu." Nikaita majina kwa mudomo. Yule mutoto akapimwa, akatumwa hospitali ya Nundu saa ile ile.

Nyumbani nikauliza Array.isArray. Jibu: false!

Eti ni HTMLCollection, lisiti hai. Ukitoa alama kwa wa kwanza, anatoka. Wa pili anasogea nafasi yake, na loop, ule muzunguko wa kupitia majina, imeshapita. Bageni bote bakarukwa.

Wenye lugha ya JavaScript banakaa mukutano yabo, wenye browser yabo. Hawa banatengeneza array, bale banatengeneza vitu vya kuvaa nguo za array. Hata querySelectorAll, yenye lisiti iliyotulia, banaipa forEach, map banainyima. Batu wazima!

Fundisho: pitisha kwanza kwenye Array.from, ndiyo uguse. Na jaribu na majina mengi.

Wiki iliyofuata yule mama alirudi na mutoto. Lisiti yangu aliikataa, akataka karatasi. Nikamuandika kwa kalamu.

Nanyi semeni, browser iliwaaibisha wapi? Mwenye kutaka kuniambia "ungesoma documentation", aje hapa kwa poste amwambie yule mama.