Mtoto Aliyesoma kwa Masikio

Marceline alikuwa ameinama juu ya cherehani, anashona ukosi wa blauzi, na binti yake Colette amekaa mlangoni akisoma kwa sauti kitabu cha Kifaransa cha shule. Alisoma vizuri kabisa. Ilikuwa habari ya treni inayoingia stesheni na abiria wanaopunga vitambaa, na mtoto alijua mahali pa kupumzika na mahali pa kupandisha sauti. Marceline akainuka kutafuta mkasi, akapita nyuma yake, na macho yake yakaangukia ukurasa uliofunuliwa. Ulikuwa na picha ya kuku na vifaranga. Habari ya treni ilikuwa mbele sana, karibu na mwisho wa kitabu.

"Colette, soma tena pale ulianzia."

Mtoto akaanza upya, treni ileile, neno kwa neno, kidole chake kikipita juu ya vifaranga.

Marceline alirudi kwenye cherehani akakanyaga pedali, lakini uzi ulikatika, akautia, ukakatika tena. Mtoto wa miaka kumi, darasa la tatu, na hajui kusoma. Alichojua ni kukumbuka tu yale aliyowasikia wenzake wakisoma darasani.

Marceline alizaliwa Likasi hiyohiyo, wakati mji ungali unaitwa Jadotville. Baba yake alitoka Kasai kufuata kazi ya migodi, na mama yake alikuwa Musanga, kabila la upande wa mto Lufira. Sasa alikuwa akifundisha wanawake kushona katika nyumba ya akina mama ya kambi ya wafanyakazi. Mumewe, Germain, alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba cha Shituru na kila juma alirudi na suruali zilizotobolewa na asidi, Marceline akazitia viraka. Watu waliwaona kuwa na maisha yaliyotulia. Hawakujua jinsi Marceline alivyokuwa anaogopa.

Alimwogopea Colette kwa sababu ya Placide, kaka yake mwenyewe. Placide aliweza kusikia hadithi mara moja na kuirudia yote, pamoja na sauti za watu waliomo. Lakini mbele ya ubao alikuwa anatoka jasho. Baba yao alimchapa kwa mkanda, kisha kwa waya, akisema mtoto mwenye akili hivyo hawezi kushindwa na herufi isipokuwa kwa kusudi. Siku moja Placide akatoka na mfuko wake wa shule na hakurudi. Alikulia sokoni na nyuma ya magari ya mizigo, na sasa alikuwa Buluo, gerezani, kwa kuiba nyaya za umeme. Marceline alimpelekea bukari, ule ugali wa kwao, na mboga kila alipoweza. Nyumbani kwake jina la Placide halikutajwa, na Colette hakujua kuwa ana mjomba.

Shuleni mambo yalikuwa yamezidi tangu serikali ilipokataza majina ya Kikristo. Colette alikuwa ndiyo kwanza amejifunza, kwa taabu kubwa, kuandika Colette. Ghafla akaambiwa hilo si jina lake tena, achukue jina la mababu. Germain akampa la bibi yake wa Kasai: Mujinga. Kwa Kiluba ni jina zuri, jina la mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Lakini Likasi watu wanaongea Kiswahili. Kila mwalimu alipomwita Mujinga aende ubaoni kusoma, darasa zima liliziba midomo kwa mikono na kucheka.

Baada ya Pasaka mwalimu akawaita wazazi. Germain alikuwa kazini, Marceline akaenda peke yake. Mwalimu Théodore hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye chaki hata kwenye nyusi.

"Sitwayene," alianza, akimwita 'raia' kwa Kifaransa kama ilivyobidi kuitana siku zile, "mutoto yako, ukimuuliza kwa kinywa anajibu kupita benzake. Ukimupa kalamu, zero. Muntu anajua na anakatala kuandika, ile tunaita je? Ni kichwa nguvu."

"Hakatali, Mwalimu. Anashindwa."

"Anashindwa je, na akili iko nayo? Huu mwaka alishakarira, njo mara ya pili iko mu hii darasa. Akianguka tena mu mwezi wa sita, masomo itamufukuza. Sheria njo ile."

Germain alipopata habari hiyo alikula kwanza akamaliza, ndipo akasema.

"Tutamutuma Mwadingusha kwa dada yangu. Atasaidia kukausha samaki. Masomo si ya kila muntu."

"Iko na miaka kumi, Baba Colette."

"Minye niliacha masomo na miaka kumi na mbili. Nilikufa?"

Marceline alikuwa akimwona Placide akilini, mfuko begani, akipita kwenye kona ya mtaa.

Aliyempa njia ni Simone, msimamizi wake pale kwenye nyumba ya akina mama. Alimkuta Marceline akifumua mshono uleule kwa mara ya tatu, akamuuliza kuna nini, naye akaeleza, ila habari ya Placide hakuigusa.

"Kule Mulungwishi kuko mama moja, banamuita Mama Henriette," Simone alisema. "Alisoma Kisangani mambo ya akili ya batoto. Bale benye kushindwa kusoma, anabapimaka."

"Kule kwa Baprotestanti?"

"Unaenda kupimisha mutoto, hauendi kubatizwa."

Germain alikubali kwa sharti. Mtoto akirudi vilevile, atapanda lori la Mwadingusha. Basi wakapanda treni ya asubuhi, mama na binti. Njia nzima Colette aliuliza kama huko watamchapa. Marceline alimjibu hapana, na moyoni hakuwa na hakika.

Mama Henriette alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, nyumba yake imejaa watoto wake na wa wengine. Alimkalisha Marceline barazani, mlango wazi, akamwomba asimsaidie mtoto hata kwa kukohoa.

Alianza na masikio. Alisimama nyuma ya Colette akanong'ona maneno, na mtoto akayarudia. Kisha macho: alimtaka aeleze vitu vidogo vilivyoning'inia kwenye ukuta wa mbali. Akaona vyote. Akamsimulia habari ya mwanamke aliyepotewa na mbuzi, na Colette akairudisha nzima, pamoja na doa jeupe la sikioni mwa mbuzi. Akampa vipande vya picha iliyokatwa, na Colette akaviunganisha haraka hata Mama Henriette akacheka.

Mwingine angefurahi. Marceline alizidi kuogopa. Kila mtoto alipofaulu, aliona maneno ya mwalimu yanathibitika: akili ipo, basi ni kiburi. Watamwandika hivyo, na karatasi hiyo itamfikia Germain.

Kisha mchezo ukabadilika.

"Sema 'samaki'," Mama Henriette alisema.

"Samaki."

"Sasa toa ile sauti ya kwanza, ya sss. Inabaki nini?"

Marceline akajikuta anasema 'amaki' bila kutoa sauti.

"Maki?" Colette akajaribu. Kisha: "Saki?"

Wakapita kwenye maneno mengine, na kila mara mtoto alikuwa kama mtu anayepapasa gizani. Halafu karatasi zikaja. Palipoandikwa baba, akasoma dada. Palipoandikwa dada, akamtazama Mama Henriette midomoni akisubiri dalili, na alipoikosa akasema baba. Mwishoni aliwekewa maneno ya kubuni, yasiyomo katika lugha yoyote: lopi, fadu, nemiba. Hapo kumbukumbu haikuwa na pa kushika. Colette alitazama dari. Pua yake ikaanza kutoka jasho, vilevile kama ya Placide, na Marceline akageuza uso.

Mama Henriette hakumsukuma. Alimsomesha ukurasa wa Kifaransa, kisha ukurasa wa Kiswahili, mwepesi, apate kujua kama shida ni lugha ya shule tu. Kiswahili nacho kilimshinda. Basi akamwambia amefanya kazi nzuri, akamtuma akacheze uani, akaja barazani na kalamu yake.

Maswali yalikuwa mengi. Alizaliwa vipi? Alianza kuongea lini? Aliwahi kupata homa ya kupoteza fahamu? Alikosa shule kwa muda mrefu? Marceline alijibu yote vizuri.

"Na kwenu, ao kwa baba yake, kuko muntu alipataka taabu kama hii?"

"Hapana."

Ilitoka upesi mno. Mama Henriette hakuandika. Alimtazama kwa upole, akangoja. Uani Colette alikuwa tayari amekuwa mkubwa wa mchezo, anawapanga watoto wa watu.

Marceline aliwaza: nikisema, wataandika kuwa ni ukoo wa wezi. Nisiposema, huyu mama atapima kwa jicho moja. Akaikalia mikono yake.

"Iko kaka yangu," alisema mwishowe. "Iko Buluo. Mu boloko." Akaeleza yote: hadithi alizozikariri, jasho, waya, mfuko wa shule. Alipomaliza akauliza: "Ni ile mambo inamufuata mutoto?"

"Wizi haimufuate. Taabu ya kusoma, ile inaweza kutembea mu jamaa. Njo sababu niliuliza." Mama Henriette akaweka kalamu chini. "Sikia, Mama Colette. Kugeuza b na d, ile peke yake haitoshi. Batoto badogo bote banageuza. Lakini huyu ni mukubwa, na sauti ndani ya neno hazisikie, na neno asilolijua hawezi kulifungua, mu Kifaransa na mu Kiswahili. Masikio ni mazuri, macho ni mazuri, akili ni nyingi. Na sasa ndugu yako. Kwa Kifaransa banaita disleksi. Haiko uvivu. Mutoto yako haiko mujinga."

Alitupia jicho jina lililoandikwa juu ya karatasi, akashika mdomo. Marceline akacheka, kicheko kilichomshtua mwenyewe, kisha machozi yakafuata.

"Itapona?"

"Haiko malaria. Haina dawa kama kinini. Atasoma, lakini polepole, na siku zote polepole. Nitamupima tena likizo ikiisha."

Akamfundisha la kufanya: kila siku kidogo, sauti moja moja, herufi ichorwe kwa kidole kwenye mchanga huku kinywa kikiitamka. Kwa mwalimu akaandika maneno machache: aulizwe kwa mdomo, asisimamishwe kusoma mbele ya wengine.

Nyumbani, Germain alisikiliza yote akiwa amesimama. Aliuliza jambo moja tu. "Ndugu yako njo vile alikuwa?"

"Njo vile."

Akatoka nje, akaegemea ukuta na sigara isiyowashwa. Mwadingusha hakuitaja tena, ingawa Marceline aliingoja itajwe kila jioni.

Mwalimu Théodore aliisoma barua, akatikisa kichwa, akasema darasa lake lina watoto zaidi ya hamsini na mchanga wa kuchezea hana. Hata hivyo, mwezi wa sita alimuuliza Colette jiografia na hesabu kwa mdomo. Imla alianguka vibaya. Kifaransa pia. Marceline alikuwa amemwomba Mungu mtoto afaulu; hakufaulu. Lakini hakufukuzwa: mwalimu alikwenda mwenyewe kumtetea kwa mkuu wa shule, wakakubali akarire, arudie darasa lilelile mara nyingine.

Juma lile Marceline alikwenda Buluo, akamweleza Placide kupitia wavu. Placide alimwomba alitaje tena lile neno la Kifaransa, akalirudia chini kwa chini.

"Kumbe haikukuwa roho mubaya," alisema. "Baba alikufa anafikiri ni roho mubaya." Kisha akauliza mtoto anafananaje.

Colette alimaliza shule ya msingi akiwa msichana mkubwa, amewapita kimo wote wa darasa lake. Alisoma kwa kidole, akirudi nyuma, akianza tena, na hakuna aliyeweza kumharakisha. Lakini alisoma kilichoandikwa.

Marceline hakuwahi kutulia kabisa. Kila mwaka wa shule ulipoanza alivaa kitenge chake kizuri, akafika kabla ya kengele, akasimama kwenye mlango wa mwalimu mpya ambaye hajawahi kusikia lile neno, na kuanza kueleza upya.