Usimlaze Kiden

Wasomaji, mniwie radhi kwa mwandiko wangu na kwa herufi zitakazokosewa. Niliishia shule ya msingi, huko Uganda tulikokimbilia, na mkono wangu ni mzito. Mbele za watu siwezi kuyasema haya. Kwenye karatasi nitajaribu.

Siku ile ya vita ilianza kama siku nyingine hapa Juba Na Bari, mtaa wetu mjini Juba. Mama alinyunyiza maji uani kabla ya kufagia, ili vumbi lisiinuke. Alifanya hivyo kwa ajili ya Kiden, mdogo wangu, aliyekuwa na pumu. Kwa sababu hiyohiyo tulipikia mbali na mlango, na habuba, bibi yetu mzaa mama, alikatazwa kufukiza ubani ndani ya nyumba.

"Mtoto asiyefukizwa atapataje nguvu?" habuba alinung'unika.

"Wewe mama, fukiza mbuzi wako," Mama akamjibu, na habuba akacheka.

Mbuzi hao ndio waliokuwa kipimo chetu. Kila asubuhi Mama alimwambia Kiden, "Taja mbuzi." Naye alijaribu kuwataja kwa pumzi moja: Majivu, Kengele, Mwizi, Bibi Arusi. Akifika Bibi Arusi, kifua ni kizuri. Akikatika kwa Mwizi, siku hiyo hachezi mbali. Akikatika kwa Kengele, Mama alimpondea kidonge alichopewa na dresa, muuguzi wa zahanati, katika maji ya sukari, akamkalisha wima, ameinama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Akishindwa na Majivu, ni kukimbilia hospitali. Kaka yetu Wani aliuawa na ugonjwa huo, kabla Mama hajafundishwa haya.

Asubuhi ile Kiden alifika Bibi Arusi.

Kabla ya adhuhuri tulisikia bunduki upande wa mto. Askari walikuwa wakiwasaka waasi mtaani kwetu na kuchoma nyumba walizozishuku. Tulijua la kufanya. Ukuta wa udongo hauzuii risasi, kwa hiyo watu hulala kifudifudi.

Tukalala. Moshi wa mapaa ya nyasi ukaingia chini ya mlango.

Kifua cha Kiden kikaanza kupiga mluzi.

"Taja mbuzi," Mama akanong'ona.

"Ma... ji..."

Mama alimpa kidonge. Hospitali haikufikika; njia yote ilikuwa risasi. Kila Kiden alipovuta pumzi, ngozi ilibonyea katikati ya mbavu. Kisha mluzi ukakoma.

"Mungu amesaidia," habuba akasema. "Amepata usingizi."

"Hapana. Wani naye alinyamaza hivi. Hewa haipiti."

Mama akaketi.

Alimwinua Kiden, akampakata, akaupa mlango mgongo.

"Lala chini, binti yangu! Watakuua!"

"Mtoto akilala, amekufa."

Mluzi ukarudi, mwembamba sana.

Risasi ikatoboa ukuta.

Mama hakupiga kelele. "Baba," aliniita, kama alivyozoea, kwa kuwa nina jina la baba yake. "Njoo unipokee. Mshike hivi. Usimlaze."

Nikaketi. Nikampokea.

Nilipogeuka tena, habuba alikuwa akimfumba Mama macho.

Bunduki zilipohamia mbali, nilimbeba Kiden mgongoni, wima, mpaka hospitali. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mganga alimtazama kifua, hakuuliza sisi ni akina nani, akamchoma sindano. Tukangoja. Sikujua maneno mengine ya kumwambia, nikamwambia ataje mbuzi.

"Majivu, Kengele, Mama yuko wapi?"

Aliyasema yote kwa pumzi moja.

Mama tulimzika palepale uani. Tukavuka mpaka, na amani ilipokuja tukarudi. Mbuzi waliliwa vitani; yamebaki majina. Majirani hunifariji kwamba mmoja alikwenda ili mmoja abaki. Wanasema kwa wema, lakini mimi sijaweza kuziweka roho hizo mbili kwenye mizani. Kiden sasa anavuka daraja kwenda Gumbo kuuza mboga, na kicheko chake hufika kabla yake. Ila hulala ameketi, mgongo ukutani, hata siku ambazo kifua chake ni kizuri. Sijamkataza.

Wewe unayelea mtoto wa pumu, niandikie kupitia kwa mhariri. Niambie unaipimaje pumzi yake, na unakimbilia wapi kifua kikibana. Nitajibu, ingawa polepole. Na kama huna la kufundisha, niandikie tu kwamba mtoto wako leo asubuhi amewataja mbuzi wote.