Lango la Mama Generoza

Sikiliza, ndugu yangu wa mtaa wa Yoba hapa Gitega, wewe unayeniuliza mbunge wa zamani kama mimi anafanya nini kwenye bodi ya kampuni ya madaraja. Nitakueleza kwa safari moja.

Bodi ninayoiongoza ilikuwa ipitishe daraja la Giteranyi. Mafundi walisema wakazi wote wamekubali isipokuwa Mama Generoza, mjane asiyetaka barabara ya kuingilia darajani ipite kwake. Wajumbe wa bodi wakataka daraja lihamishiwe mbali, na watu wa kilima anakoishi mjane huyo waendelee kuvuka mto na baiskeli mabegani. Nikaomba kwanza niende.

Asubuhi nilitoka Gitega na dereva wetu Hamisi, mzaliwa wa Muyinga mjini. Karibu na Karusi akanitania, akiniita Prezida kama wanavyomwita mwenyekiti wa bodi: "Prezida, mi naona we iko unarudi kuomba kura."

"Safari hii naomba ardhi."

"Ardhi iko nguvu kuliko kura."

Muyinga tulinunua kreti ya bia, kwa kuwa kwetu huendi kuomba jambo kubwa mikono mitupu. Hamisi, ambaye dini yake haimruhusu kunywa, aliifunga kamba vizuri kuliko mnywaji yeyote.

Giteranyi tulifika alasiri. Mama Generoza, aliyekulia Tanzania kabla ya kurudi nyumbani, alitupokea langoni. Tukaketi, tukanywa. Sikutaja barabara mpaka aliponiuliza mwenyewe.

"Mafundi wanasema unaionea uchungu migomba yako," nikamwambia.

Akacheka. "Migomba? Mheshimiwa, walipima nyuma ya nyumba, wakaondoka bila hata kuketi. Barabara ikipita nyuma, wageni wangu wataingilia jikoni. Na hili lango alilojenga marehemu mume wangu litabaki la nani?"

"Lakini kwenye mkutano wa mafundi ulipiga makofi."

"Mgeni akihutubia, tunapiga. Hata wewe tulikupigia ulipokuja kuomba kura."

Hamisi akainamia soda yake, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Kwetu irembo, lango la mbele, ndilo heshima ya nyumba. Nikamuuliza: "Ikipita mbele je? Itachukua nusu ya shamba."

"Migomba hupandwa tena. Pitisheni mbele."

Kesho yake fundi wetu, niliyemwita aje, alipima upya, Mama Generoza akimshikia kamba.

Tuliporudi Gitega, bodi ilipitisha daraja palepale. Jukwaani makofi yalinitosha. Kwenye ujenzi hayatoshi, lazima uketi na mwenye ardhi.

Nawe ukitaka kupitisha njia au bomba kwa jirani, acha ramani garini. Ingia kwa lango lake, keti, kisha muulize wageni wake huingilia wapi.