Ngoitiko na Cheti cha Mdogo Wake

Ngoitiko wa Enguserosambu alikuwa na miaka arobaini na sita, wake wawili, na mvi alizozinyoa zote asubuhi ile. Kikundi cha ngoma kilichoalikwa Ulaya kilitaka vijana wasiozidi miaka thelathini. Kwa hiyo akaenda kuomba pasipoti kwa cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake, Mepukori.

Mashine ilisoma vidole vyake vyote kumi bila kulalamika, maana haikuwahi kumwona. Ofisa wa uhamiaji, Doreen, mzaliwa wa Loliondo aliyeyajua marika ya kwao, alisoma cheti, kisha akasikia magoti ya mwombaji yakilia alipoketi.

"Miaka ishirini na saba, kaka? Basi wewe ni rika la Korianga, wale watoto."

Ngoitiko akasimama. "Mimi mtoto? Mimi ni Landisi, rika la wakubwa wao! Hao Korianga tumewachapa sisi wenyewe machungani!"

"Shikamoo, baba," Doreen akasema, huku akiifunga fomu.

"Marahaba," ikamtoka.

Alihojiwa hadi jioni, akaachiwa kwa onyo kali. Kijijini aliwaonya wenzake kwamba mashine ya serikali ni hatari: inajua hata rika la mtu.