Mkalimani Baada ya Kukatwa Taya

Mume wangu alikuwa mkalimani wa mahakama wakati wa Waingereza. Sisi ni watu wa kusini, tulipanga chumba Temeke, naye kila asubuhi alipanda baiskeli kwenda mjini. Hakimu Mzungu hakujua Kimakua, na watu wetu wengi waliofika kizimbani hawakujua Kiingereza. Walisikilizana kupitia kwake. Alikuwa na sauti nzito, na mtaani walimjua kwa sauti hiyo kabla hawajamwona.

Kidonda kilimtoka kwenye ufizi. Hospitali walisema ni saratani, wakamkata nusu ya taya la chini. Alikaa huko miezi, akarudi amekonda, shavu limebonyea. Daktari alimwambia ugonjwa umekwisha, anaweza kurudi kazini. Siku hiyo nililia kwa furaha.

Alirudi. Yaliyotokea alinisimulia mwenyewe jioni, polepole, mate yakimtoka na yeye akiyafuta kwa leso.

"Mshtakiwa alikuwa mtu wa kwetu," alisema. "Nikamwuliza kwa Kimakua kama alichukua yale mabati yaliyoibwa. Hakunielewa. Nikarudia. Akamgeukia askari, akamwuliza huyu mzee ana nini mdomoni. Watu wakacheka."

"Na hakimu?"

"Hakucheka. Aliahirisha kesi."

Walimhamishia stoo, apange majalada. Huko nako wenzake hawakutaka kunywa maji kwa kikombe alichokitumia. Akabeba kikombe chake kutoka nyumbani, lakini wakaanza kulalamikia hata mtungi wa maji aliochota. Mwishowe karani mkuu alimwita, akamwambia kwa upole, "Mzee, nenda nyumbani ukapumzike. Bado unaumwa."

"Nimepona," mume wangu akamjibu. Karani akamwomba arudie, hakuwa amemsikia vizuri. Hakurudia.

Alizunguka kutafuta kazi nyingine. Mwenye duka mmoja alimtazama usoni, akasema wateja watakimbia. Akajaribu kupakia mawe machimboni, akaanguka siku ya kwanza. Mtu anayekula uji mtupu atapata wapi nguvu za kubeba mawe? Mimi nikaanza kukaanga maandazi na kuyauza barazani. Aliniwashia moto alfajiri, kisha akaingia ndani kabla wanunuzi hawajafika.

Majirani walipokuja walimwambia, "Mshukuru Mungu, umepona." Akaitikia kwa kichwa. Baadaye hata salamu alizijibu kwa mkono, na kwetu ndani akawa hivyo hivyo. Nilimwambia, "Sema na mimi basi, mimi nakuelewa."

Kitindamimba wetu alizaliwa katika ukimya huo. Alipoanza kuongea vizuri aliniuliza, baba yake akiwa amekaa palepale kwenye mkeka, "Mama, baba ni bubu?"

Nikasema hapana. Mtoto akamgeukia baba yake, akangoja. Mume wangu alifuta mdomo kwa leso, akainuka, akaenda kukaa uani.