Karatasi ya Wekesa

Niliondoka Kitale Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha, kwenda kuwauliza walimu na wanafunzi kama saa ya kusoma inawafaa. Wazo hilo lilikuwa langu, na huenda ndiyo sababu nililipenda kupita kiasi. Acha nilieleze kwanza, maana bila kulielewa hutaielewa safari yenyewe. Kila siku baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa Gredi ya Nne hadi ya Saba huacha madarasa yao na kukaa katika vikundi kulingana na jinsi wanavyosoma, bila kujali umri. Asiyeweza kuunganisha silabi hukaa kundi la kwanza, hata kama ameanza kuota ndevu. Kundi hilo hupewa msomaji mmoja hodari, mwanafunzi mwenzao, wa kulisaidia. Hakuna atakayeachwa nyuma, niliandika katika pendekezo langu, na siku ile niliyoandika nililala vizuri.

Saa mbili, ofisi yetu ya elimu, kabla ya safari. Mwenzangu Salma, ambaye ndiye huchapa karatasi za maoni na kuzihesabu, alinipa bahasha huku akitikisa kichwa.

"Wewe Wambui, hizi za shule ya Kipsongo zote zinasema mzuri, mzuri, mzuri. Ati hakuna mtoto hata mmoja amechoka? Ijumaa wakubwa wanakaa kuamua kama mpango uende shule zingine. Usiniletee sifa tena."

"Basi niombee nipate mtu wa kunilalamikia."

"Nitakuombea adhuhuri," alisema, tukacheka. Sikujua kwamba maombi yake yangejibiwa upesi hivyo.

Saa nne na nusu, Ndalu. Pikipiki ilinifikisha langoni nikiwa na matope hadi magotini. Mashamba yalikuwa yamevunwa, na mabua yaliyobaki yalisimama majini yakioza. Mwalimu mkuu alinipokea kama tunavyopokea wageni wa ofisi huku kwetu: kitabu cha wageni kwanza, kisha chai na viazi vitamu, kisha sifa. Karatasi zilikuwa tayari mezani, zimefungwa kwa uzi. Niliomba niende nazo darasani nizungumze na wenye karatasi wenyewe. Uso wake ulibadilika kidogo, lakini aliniongoza.

Mwalimu wa darasa, Nasimiyu, ni kijana mpole anayesikiliza sana kabla hajasema. Niliomba kundi la kwanza liitwe kabla ya saa yake, nikaketi nalo na kuanza kuita majina. Karatasi ya kwanza ilisema mpango ni mzuri. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa na maneno yake yenyewe, nikafurahi: "Napenda saa ya kusoma kwa sababu nafundishwa na Nafula na yeye hanicheki." Jina juu lilikuwa Wekesa, Gredi ya Saba.

"Wekesa ni nani?" niliuliza.

Walitazamana. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Ako Misikhu, anabeba ndizi."

"Omusinde alitoroka!" mwingine akadakia, na darasa zima likaangua kicheko.

Omusinde, kwa Kibukusu, ni mvulana ambaye bado hajatahiriwa. Nasimiyu aliwanyamazisha kwa jicho moja tu, akanivuta nje barazani.

"Madam, Wekesa alitahiriwa Agosti," alisema. "Alitoka kwa sherehe akiwa mwanaume, na watu wote wa boma wanamheshimu. Muhula ukafunguliwa, tukaanza mpango wako. Ikabidi akae benchi moja na vitoto vya Gredi ya Nne ambavyo havijatahiriwa. Na wa kumfundisha ni mdogo wake, Nafula. Wenzake wakaanza kumwita hivyo umesikia. Wiki tatu sasa hajakuja."

Mimi nilizaliwa Trans-Nzoia. Wazazi wangu walitoka mkoa wa Kati wakanunua shamba huku, na tangu utotoni, mwaka wa tohara ukifika, njuga na nyimbo hupita mbele ya lango letu. Najua kijana aliyetoka kutahiriwa hakai na wasiotahiriwa. Hilo nalijua kama ninavyojua njia ya kwetu. Lakini nilipopanga vikundi, niliangalia silabi tu.

"Kwa nini hukuandika haya?" nilimuuliza.

Aliangalia chini. "Karatasi yako ya walimu ilikuwa na ndiyo na hapana tu, madam. Iliuliza kama wanafunzi wanahudhuria. Si wengi wanahudhuria? Nikaweka ndiyo. Na mwalimu mkuu alisema tukilalamika vitabu mlivyotuletea vitachukuliwa."

"Na karatasi ya Wekesa iliandikwa na nani, kama hayuko?"

Nasimiyu alimwita Nafula. Alikuja akishika pindo la sketi, msichana wa miaka kumi mwenye macho makavu. Nikamwonyesha karatasi zote za kundi la kwanza. Mwandiko ulikuwa mmoja.

"Hao hawajui kuandika, mwalimu," alisema, kama mtu anayenieleza jambo jepesi. "Nikawaandikia."

"Na Wekesa?"

"Niliogopa mkiona hana karatasi mtalifuta jina lake."

Nilisimama pale na bahasha yangu. Nilikuwa nimewapa watoto wasiojua kusoma karatasi ya kusoma, niwaulize kwa maandishi kama wanajifunza kuandika. Miaka yote hii ya ualimu, na sikuliona hilo.

Saa tisa, Misikhu. Niliteremka hadi barabara kuu, nikapita Kamukuywa, nikamkuta Wekesa nyuma ya soko akipakia mikungu ya ndizi kwenye lori pamoja na vijana wengine. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Nilipojitambulisha, wenzake walipata la kuchezea.

"Wekesa, mama yako wa Kitale amekuja!"

"Si ni mwalimu bana, anakurudisha nasari!"

Aliweka mkungu chini, akajipangusa mikono kwenye suruali, akanisalimu kwa adabu.

Nilimweleza polepole. Nilimwambia kosa ni langu, kwamba atakaa na wa gredi yake, kwamba Mwalimu Nasimiyu yuko tayari kumfundisha peke yake mchana. Alisikiliza hadi mwisho.

"Utabadilisha benchi, madam," alisema. "Lile jina utalibadilisha aje?"

Nikatoa karatasi tupu. "Basi niambie unavyoona, nitaandika kama unavyosema."

"Si yangu imeshaandikwa? Niliskia Nafula ameniandikia. Alisema nini?"

Nikamsomea. Napenda saa ya kusoma kwa sababu nafundishwa na Nafula na yeye hanicheki. Mvua ilianza tena, na vijana wakavuta turubai juu ya lori.

"Hapo hajadanganya," alisema mwishowe. "Iache hivyo. Lakini mwambie asiniandikie tena."

Akainama, akabeba mkungu wake.

Jumatano, saa nane mchana, Ndalu tena. Nilikuwa nimelala Webuye, ingawa usingizi haukuja. Nafula aliniona langoni akanikimbilia.

"Alisema nini?"

"Alisema hukudanganya."

"Kwa hivyo anarudi?"

Kazi yangu ni kueleza mambo hadi mtoto aelewe, na kwa kawaida huwa sichoki. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia kwamba sijui, na kwamba hakuna kosa alilofanya yeye. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye benchi la kundi la kwanza, ambako wenzake walikuwa wakimngoja wakiwa na kitabu wazi.

Jioni, Kitale. Salma alifungua bahasha ya Ndalu akapitia karatasi moja moja. Tuliandika ripoti pamoja: saa ya kusoma isipelekwe popote kabla hatujakaa na wanafunzi rika kwa rika na kuwauliza kwa mdomo, na walimu wapewe nafasi ya kusema bila mkubwa wao kusikia.

Mwalimu mwenzangu unayesoma haya, ukianzisha jambo jipya darasani, usiogope kulijaribu. Watoto wa kundi la kwanza wa Ndalu wameanza kusoma kweli, nimewasikia kwa masikio yangu. Ila kabla ya kuuliza nani anajua nini, uliza nani hawezi kukaa na nani. Na ukirudi kuchukua maoni, anza na yule ambaye hayupo.

Ijumaa wakubwa walikubali ripoti yetu. Waliuliza kama kijana amerudi. Nikasema bado, na Salma akaandika hivyo.