Nilipigwa chuku ili kipimo cha damu kisiione saratani yangu ya koo

Wakuu, na nyinyi wadogo mnaotaka kuniamkia, marahaba.

Mie ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja. Skuli niliishia darasa la tatu, basi mkiona herufi zimekaa upande nisameheni. Haya sikuhadithiwa. Yamenipata mie, na mengine yananitia aibu.

Nilipata saratani ya koo. Nikapelekwa Dar, nikapigwa mionzi mpaka shingo ikawa nyeusi kama masizi ya chungu. Mate yakakauka, hata urojo nikawa nauona kama maji ya kuoshea dagaa. Nikapona, alhamdulillah.

Sasa kila miezi mitatu nnatolewa damu. Daktari alinambia saratani ya aina yangu ikirudi huacha vijipande vyake kwenye damu kabla uvimbe haujaonekana.

Damu inapelekwa nje ya nchi, majibu yanarudi kwenye simu ya mjukuu wangu wa kike, Raiyan. Huyo yuko chuo, anakijua Kiingereza kuliko wenyewe. Nnamringia, sifichi.

Mara mbili majibu yalirudi safi.

Kabla ya mara ya tatu sikio la kulia likaanza kuniuma. Kila nikimeza, kama mtu ananichokoa kwa msumari. Sikumwambia mtu. Raiyan alikuwa na mitihani, na mie nshachoka kuwa mgonjwa. Watu wakinisalimia wananitazama shingo.

Nikawaza kwa akili zangu: ikiwa ubaya umo kwenye damu, si niitoe tu hiyo damu?

Nikaenda Kidichi kwa mama mmoja anapiga chuku, wengine huita kuumika. Akanibandika vikombe mgongo mzima, damu ikatoka nyeusi tititi.

"Ongeza," nikamwambia.

"Bibi wee, utanifia hapa!"

"Toa! Kesho nnapimwa."

Kesho yake nikatolewa damu hospitali; daktari kuniuliza unaumwa wapi, nikasema siumwi popote.

Baada ya wiki mbili Raiyan akaja mbio. "Bibi! Safi! Hawajaona kitu!" Akanibusu, akawapigia simu mashangazi zake, vigelegele vikawa vinatoka kwenye spika.

Na mie nimekaa kitini, sikio linaniuma.

Wakuu, hapo ndo nilipoijua khofu. Majibu mabaya ningelia nikamaliza. Haya mazuri nimeyaiba, na mwizi hapati usingizi. Hata kwenye sala, nikishukuru naona nnasema uongo.

Siku ya nne nikamweleza Raiyan kila kitu tukinywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Bibi, yaani umekifanyia hila kipimo?"

"Naam."

"Na hilo sikio tangu lini?"

"Mwezi sasa."

Hakunigombeza. Akavaa buibui lake, akanipa na langu.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. "Bi Zuwena, chuku haifichi kitu. Ulichotoa ni kidogo, iliyobaki mwilini ni ile ile. Umejipunguzia damu bure."

Nikacheka kwa furaha, kumbe majibu sikuyaiba. Yeye hakucheka.

"Lakini kipimo hichi hakioni kila kitu. Ndo maana kila ukija nakuuliza unaumwa wapi. Sikio lilikuwa linaniita mimi, wewe ukaliziba mdomo."

Akanipitishia kamera puani. Karibu na pale palipokuwa na saratani ya zamani pamevimba, pekundu. Huenda ni kovu la mionzi, akasema, huenda ndo yenyewe. Akakata kijinyama kwenda kupimwa.

Leo Ijumaa. Majibu Jumatatu. Nnafagia chumba kilichokwisha kufagiliwa.

Nilichojifunza: damu mtoe, lakini na mdomo mfungue. Daktari akikuuliza unaumwa wapi, mwambie, hata ukiona ni kijisikio tu. Mwezi mzima umepotea, na aliyeupoteza ni mie. Si yule mama wa vikombe.

Kama humu yupo aliyekatwa kijinyama kooni, ikaonekana ni kovu tu, naomba aandike hapa chini.

Na yule aliyetokewa na mengine aandike vilevile, asinionee haya. Nnataka kuyajua.